Tuko marafiki wanne, nimedanganya naumwa mara ya tatu, sasa grupu limekufa kimya. Naanzia wapi?

Mjukuu wa Bibi

Habari zenu wadau, mnivumilie uzi ni mrefu. Nikianza kufupisha najikuta najitetea, kwa hiyo bora niandike yote.

Tuko wanne. Tulikutana chuo mwaka wa kwanza na wala hatukuchaguana, majina yalibandikwa mlangoni kwenye karatasi, chumba kimoja vitanda vinne basi. Kama sio ile karatasi hawa watu labda nisingewahi hata kuwasalimia, sifichi. Nitawapa majina ya humu humu. Kuna Kishua, baba yake ana kampuni, siku ya kwanza alikuja na masanduku matatu na mtu wa kumbebea. Kuna Ratiba, mtoto wa kwanza kwao, nyuma yake wako sita, hela ikiingia kwake inagawanywa kabla haijapoa na kila kitu chake kiko kwenye ratiba mpaka siku ya kuosha nywele. Kuna Mpole, kwao dini ndio kila kitu, hakuwahi kulala nje ya nyumba ya wazazi mpaka alipofika pale, wiki ya kwanza alikuwa anatuomba sisi ruhusa ya kwenda kuoga jamani. Halafu mimi, nimelelewa na bibi, wa kwanza kwenye ukoo kukanyaga chuo, nilikuja na begi moja na maneno ya bibi kwamba watoto wa watu uwasalimie ila usiwazoee.

Nikawazoea.

Sasa ni miaka mitatu tangu tumalize. Kishua yuko ofisini kwa baba yake. Ratiba ameajiriwa. Mpole anafundisha watoto wadogo na amerudi kukaa kwao. Mimi najitolea ofisi moja huu mwezi wa kumi na nne, mshahara wangu ni "tutakuangalia". Nauli najitafutia kwa kuchapia watu kazi zao usiku.

Tatizo lilianza na mitoko. Chuoni mtoko wetu ulikuwa kukaa juu ya vitanda na kucheka, hela haikuhusika. Siku hizi kila kitu kina mchango, bethdei mchango, mtu kupata kazi mchango, wikiendi ya kupumzika mchango (kupumzika nacho kimekuwa cha kuchangia). Mara ya kwanza nikasema naumwa kichwa. Mara ya pili tumbo. Hii juzi ilikuwa bethdei ya Mpole, Kishua kapanga twende sehemu ya mbali tulale siku mbili, kiasi kikatajwa kwenye grupu, wenzangu wakaweka dole gumba, na mimi nikaweka dole gumba. Siku mbili kabla nikaandika nina homa.

Jumamosi asubuhi nafua. Nimefungulia mziki, simu nimeiweka ndani ya bakuli ili sauti itoke vizuri, mikono ina povu mpaka kwenye viwiko, naimba. Nageuka namkuta Kishua amesimama mlangoni na mfuko wa dawa. Walikuwa njiani kwenda, wakapitia kuniona. Wawili wako kwenye gari. Akaangalia ndoo, akaniangalia mimi, akaliangalia lile bakuli. Akaweka mfuko juu ya kiti, akasema "ugua pole" akaondoka.

Ndani ya mfuko kulikuwa na vidonge vya kichwa, dawa ya mafua na kipimajoto kipya bado kiko kwenye boksi. Kipimajoto ndio kilichoniua, maana yake alisimama pale dukani akawaza huyu tutajuaje homa imefika wapi.

Leo siku ya tisa. Hakuna aliyeandika kitu kwenye grupu. Statasi zangu wanaangalia wote watatu. Nianzie wapi?

Sijali2

Pole ila hiyo sini ya bakuli nimecheka peke yangu mpaka nimeangaliwa 😂

Sasa besti, kwa nini hukusema tu sina? Neno lina herufi nne.

Mjukuu wa Bibi

Sijali2 nilishawahi kulisema. Kuna siku tulikuwa na watu wengine, marafiki wa Kishua wa zamani, wakati wa kulipa nikamnong'oneza Ratiba kwamba mimi sina, Kishua akasikia akasema kwa sauti ya kawaida kabisa "huyu nitamlipia tu msimuwaze". HUYU. Hakuwa na ubaya, najua, hata hakumbuki. Ila wale wengine walinitazama kuanzia viatu kwenda juu, na toka siku ile nikaona bora niumwe.

kaka_msemakweli

Mimi nasemaga humu kila siku wanawake hawanaga urafiki, ni mashindano tu, ngoja aolewe mmoja uone kama hilo grupu litabaki

MamaWawili

kaka_msemakweli wewe marafiki zako mnaongea nini zaidi ya mpira? Mwenzako akifiwa unamtumia "pole sana kamanda" umemaliza. Pisha watu waongee.

Mtoa mada, mimi nina miaka 41 naweza kukuita mdogo wangu. Kuolewa hakuui urafiki, kinachoua ni huko kuzuga. Mimi na rafiki yangu tulikaa miaka sita bila kusemeshana na hatukuwahi kugombana, hilo ndilo la ajabu. Nilikuwa nimefulia baada ya kujifungua, kila akiniita nina sababu, mtoto analia, mtoto kalala, mtoto ana meno. Naye akahesabu zile sababu akaona kumbe hatakiwi. Yeye hakujua kama sina, alijua simtaki. Hapo ndipo pa kuangalia. Ukidanganya unaumwa unafikiri unaficha mfuko mtupu, mwenzako anachokiona ni mlango umefungwa.

Mjukuu wa Bibi

Da MamaWawili hiyo ya mlango umefungwa imenikalisha chini. Asante.

Kifutio

Nitakuwa mbaya kidogo. Sio kila urafiki ni wa kuokoa. Mimi nilikuwa na wa aina hiyo, watoto wa kishua, nilikuwa msindikizaji. Nabeba mikoba wakipiga picha. Nikimaliza kupiga hizo picha nakatwa kwenye zile za kuposti. Siku nimejitoa hakuna aliyeuliza niko wapi. Wahenga walishasema ndege wa rangi moja ndio huruka pamoja, tafuta wa saizi yako mnaolingana hata nauli.

Mjukuu wa Bibi

Kifutio pole sana na nakuelewa. Ila hawa sio wale. Ngoja niwape stori ya viatu kwanza ndio mtaelewa kwa nini nimekuja humu badala ya kutoka kwenye grupu nikalala.

Tulipomaliza chuo tulikuwa na viatu vya intavyuu pea moja. Vyeusi, kisigino cha wastani, vya Kishua, namba 39. Mpole anavaa 38, mimi 37, Ratiba 40. Kwa hiyo mimi nikiitwa intavyuu najaza karatasi laini mbele kwenye vidole, Mpole anaweka soksi mbili, Ratiba yeye anavivaa hivyo hivyo anatoka machozi yanamlenga. Kulikuwa na siku Ratiba na mimi tumeitwa siku moja, yeye saa tatu mimi saa sita. Akatoka kwenye chumba cha intavyuu anakimbia peku mkononi kashika viatu, tumekutana nje ya ofisi nyingine kabisa, nikavua ndala nikampa, nikavaa vya moto, mle ndani bado jasho lake. Yeye akapata, mimi nikakosa. Akaniambia "viatu vilikuwa vimechoka, kosa langu".

Na Kishua mwenyewe vile viatu hakuvivaa hata siku moja kwa sababu hakuwahi kuitwa intavyuu, kazi yake ilikuwa inamsubiri. Alikuwa anavipaka dawa tu. Jumapili jioni utamkuta amekaa chini anavipaka dawa vya sisi kwenda kutafutia kazi. Kwa hiyo Kifutio huyo sio mtu wa kunikata kwenye picha.

Chaki

Uzi mzuri. Niongeze ya vitabuni kidogo, samahani ndio ugonjwa wangu.

Kuna mtafiti anaitwa Jeffrey Hall wa chuo kikuu cha Kansas, mwaka 2018 alichapisha utafiti wa kuhesabu saa. Kwamba watu wanaofahamiana juu juu wanahitaji kama saa 50 za kuwa pamoja ndio wawe marafiki wa kawaida, kama 90 wawe marafiki kweli, na zaidi ya 200 kufikia ule wa karibu kabisa. Na saa za kufanya kazi pamoja hazina uzito kama saa za kukaa tu mnapiga stori. Sasa piga hesabu, chumba kimoja, tuseme saa tano kwa siku mko macho mnacheka, siku 40 mmeshafika 200. Ndio maana marafiki wa chuo wanang'ang'ania hivyo kwenye roho. Na ndio maana ukubwani inakuwa ngumu, saa 200 utazitoa wapi na wewe usiku unachapa kazi za watu?

Ya pili, mwaka 2022 Raj Chetty na wenzake walitoa tafiti kwenye jarida la Nature, walichambua urafiki bilioni 21 wa Facebook kwa watu wa Marekani. Waliona kwamba mtoto wa familia ya kipato cha chini akikulia sehemu ambayo wenye nacho na wasio nacho wanafanya urafiki, ukubwani kipato chake huwa kikubwa zaidi. Ila kilichonivutia mimi ni kipande kingine. Walijiuliza kwa nini watu wa hali tofauti hawawi marafiki, wakakuta kama nusu ya sababu ni kwamba hawakutani kabisa, na nusu nyingine ni kwamba hata wakiwekwa sehemu moja kila mtu anaenda kwa wa kwake. Nyie ile nusu ya kwanza karatasi ya mlangoni iliwamalizia. Hiyo nusu ya pili ndio iko mikononi mwenu sasa hivi.

kaka_msemakweli

Hiyo ni Marekani

Chaki

Ni Marekani ndiyo, na ni picha ya watu kwa wingi, haimwambii mtoa mada kesho itakuwaje. Nimeleta ili ajue halijaanzia kwake.

Sijali2

Mi naomba kuuliza swali la kishamba. Baba yake Kishua ana kampuni, wewe unajitolea mwezi wa 14 bila hela. Mbona hajakuingiza? Rafiki gani huyo?

Mjukuu wa Bibi

Hajawahi kusema na mimi sijawahi kuomba. Tunapita pembeni ya hilo jambo kama watu wanaoruka dimbwi.

Geti Kali

Nimekuwa nasoma kimya toka juzi, nimelazimika kufungua akaunti mpya niandike. Mimi ndio Kishua kwenye grupu letu. Sio huyo wenu, ila ndio yule yule.

Hilo la kazi nitakujibu mimi. Niliwahi kumuombea rafiki yangu kazi kwa baba. Akapewa. Kuanzia siku hiyo kila tukibishana nyumbani, hata kuhusu nguo, baba anasema "na yule rafiki yako niliyemuweka pale". Rafiki yangu alikuwa amekuwa kamba ya kunivutia. Akichelewa ofisini naulizwa mimi mezani. Mwisho akaacha, na urafiki ukaondoka naye. Toka hapo siombi, na kila ninayempenda ndio simuombei kabisa. Najua kwa nje inaonekana roho mbaya.

La pili. Watu wanadhani sisi tuna hela. Hela ni ya baba. Mimi nikitaka kutoka wikiendi natakiwa kusema naenda wapi, na nani, kwa nini, na wale wenzangu ni watoto wa nani. Ratiba wenu ana mshahara mdogo ila akiamua kununua kiatu ananunua. Mimi nina miaka 26, sijawahi kuamua kitu chochote ambacho hakikupita kwanza kwenye uso wa mtu mwingine.

La tatu na hili linaniuma kuandika. Unajua kujishtukia sio kwenu tu. Nikilipa naonekana najionyesha, nisipolipa bahili. Nikipanga sehemu ya bei rahisi nimewadharau, nikipanga ya ghali nimewakomoa. Nilikuja kugundua marafiki zangu wana grupu lingine ambalo mimi simo, na huko ndiko wanakopanga kwamba safari hii nani aumwe. Bora mtu aniambie sina mara mia. Huyo Kishua wako alipoliangalia lile bakuli hakuwaza "mwongo huyu". Nakuhakikishia aliwaza "kumbe anafurahi nisipokuwepo".

Mjukuu wa Bibi

Geti Kali nimesoma nikaweka simu chini nikazunguka chumba.

Hilo la kuimba sikulifikiria kabisa. Mimi siku tisa nawaza amenikamata na uongo, kumbe amenikamata nina furaha.

MamaWawili

Haya sasa tumefika penyewe.

Kifungua Mimba

Mnamuongelea Kishua na mtoa mada tangu mwanzo, mwingine kanyamaza hapo katikati kama meza. Mimi ni mtoto wa kwanza, nyuma yangu wako watano, nauliza kuhusu Ratiba. Yeye alilipa huo mchango. ALILIPAJE? Mwenye mshahara mmoja na wadogo sita?

Nakwambia kinavyokuwa. Mshahara unaingia tarehe fulani, tarehe hiyo hiyo kuna ada ya mmoja, dawa za mzazi, mwingine simu imeharibika na bila simu hawezi kusoma, mpaka jioni unabaki na hela ya kukufikisha kazini mwezi mzima ukijibana. Sisi kusema sina haturuhusiwi, kwa sababu tukisema sina kuna mtu analala njaa au anafukuzwa shule. Tunazoea. Mpaka kwa marafiki unakuta unatoa tu, mdomo haujui kukataa. Rafiki wa kishua akikosea watu wanaona, wewe unayejua shida ukikosea unaonewa huruma, yule anayebeba kila kitu akicheka haulizwi.

Mjukuu wa Bibi

Kifungua Mimba umenipiga kofi la haki. Naapa sijawahi kumuuliza. Miaka sita na zaidi namjua, na hata kule chumbani tulikuwa na daftari la madeni nyuma ya mlango, kalamu imefungwa na uzi, kila aliyekopa anaandika, jina la Ratiba halikuwepo upande wa waliokopa hata siku moja. Tulikuwa tunamsifia. Tunasema huyu ndio mama yetu.

Nimeanza kuona kitu hapa. Mimi sina hela. Kishua hana uamuzi. Mpole hana ruhusa, kwao mpaka leo saa kumi na mbili jioni simu inaita uko wapi. Ratiba hana hata nafasi ya kusema hana. Kila mtu ana sina yake kaifunika na dole gumba.

Sijali2

Dole gumba lifutwe kwenye simu zote 😂😂

Kifutio

Mimi bado naona mnamlainisha sana huyo Kishua lakini hiyo ya Ratiba imenifanya nimkumbuke mtu. Ngoja nikampigie.

MamaWawili

Mjukuu wa Bibi, mambo ya kufanya, haraka haraka maana nina watu wa kuwapikia. Usiandike insha ya kuomba msamaha, insha inamfanya asomaye aanze kukubembeleza. Sema ulidanganya, sema kwa nini, ishia hapo. Pili usimuandikie Kishua pembeni, andika kwenye grupu, maana wote watatu walikuwa kwenye lile gari. Tatu mbele ya safari, kiasi kitajwe kabla ya sehemu. Sisi tunafanya hivi, kila mtu anamtumia mmoja wetu pembeni kiasi anachoweza, yule hataji nani kasema nini, anachukua kile cha chini kabisa ndio tunatafuta pa kwenda kwa hicho. Kuna mwaka tuliishia kukaa sebuleni kwangu tunasukana. Hatujawahi kucheka vile. Anayetaka makubwa aende na mume wake.

Chaki

Hiyo mbinu nimeipenda. Msuluhishi asiyetaja majina.

Mjukuu wa Bibi

Nimeandika. Nimefuta. Nimeandika. Nawawekea hapa kabla sijatuma mniambie:

"Sikuwa naumwa. Hata zile mara mbili za nyuma sikuwa naumwa. Sikuwa na hela ya mchango na niliona aibu. Kishua nilikuwa nafua naimba sio kwa sababu hamkuwepo, ni kwa sababu sikuwa tena na wasiwasi wa kulipa. Mpole samahani kwa siku yako."

Geti Kali

Tuma. Usiongeze neno.

Kifungua Mimba

Ongeza moja tu. Muulize Ratiba.

Mjukuu wa Bibi

Nimeongeza "Ratiba wewe uliitoa wapi?" Nimetuma saa nne na dakika kumi usiku. Wawili wameshasoma. Kuna mtu anaandika. Kaacha. Anaandika tena. Jamani mimi nazima data.

Sijali2

USIZIME DATA

Sijali2

Amezima data 😭

kaka_msemakweli

Mpaka mimi nasubiri sasa

Mjukuu wa Bibi

Nimerudi, samahanini nimelala saa tisa usiku, tumeongea kwa simu wote wanne mpaka simu ya Mpole ikazima. Nitajitahidi kupanga.

Wa kwanza kujibu alikuwa Ratiba. Aliandika "nilikopa kazini, bado nadaiwa". Hiyo tu. Halafu dakika kadhaa kimya halafu akatuma sauti, na kwenye ile sauti haongei, analia. Huyu mtu sijawahi kumsikia analia, hata zile siku za namba 40 ndani ya 39.

Kishua akapiga simu ya grupu. Tukapokea wote. Mwanzo ni kupumua tu na mbwa wa kwao wanabweka. Akasema alivyoona naimba aliingia kwenye gari akawaambia wenzake "amelala, tumuache apumzike". Alinifichia! Wenzangu siku zote tisa walikuwa wanajua naumwa kweli. Walinyamaza kwenye grupu kwa sababu Kishua alikuwa amenuna wao hawajui kwa nini, na Mpole alikuwa na lake.

La Mpole ndio kiboko. Bethdei yenyewe ni yake ila yeye hakutaka kwenda kokote, anaogopa kulala nje, alinyamaza kwa sababu Kishua alikuwa ameshapanga kwa moyo mmoja. Kwao wasingemruhusu. Sasa akawaambiaje wazazi? Akawaambia anakwenda kuniuguza mimi. Kwamba mwenzetu ana homa kali anakaa peke yake. Ndio maana juzi mama yake alinipigia simu kuuliza naendeleaje nikasema nashukuru mama naendelea vizuri, nikadhani ni upendo tu wa kawaida. Wamenifanyia maombi wadau. Nyumba nzima.

Kishua naye akaanza kucheka vibaya, ile ya kukosa pumzi, akasema yeye alimdanganya baba yake kwamba anaenda semina ya kazi. Na kwamba hata yeye alikuwa amechoka alitaka kulala tu, ila alihisi tunaachana, kila siku mtu anaumwa, akaona akipanga kitu kikubwa labda tutarudi.

Yaani watu watatu waliendesha mpaka huko, mmoja kwa deni, mmoja kwa uongo wa kuniuguza, mmoja kwa semina hewa, na wa nne yuko nyumbani anaimba na bakuli. Walifika huko wakalala saa mbili usiku.

Chaki

Hii ina jina kabisa. Kitendawili cha Abilene. Msomi mmoja Jerry Harvey aliandika mwaka 1974 jinsi familia yao ilivyosafiri zaidi ya kilomita 80 kwa gari lisilo na kiyoyozi, joto kali, kwenda kula mji wa Abilene huko Texas, wakarudi hoi, ndio wakaanza kuambiana ukweli, kumbe hakuna hata mmoja aliyetaka kwenda. Kila mtu alikubali akidhani wenzake wanataka.

Geti Kali

Kwa hiyo sasa mmekubaliana nini? Naomba mniazime majibu.

Mjukuu wa Bibi

Hatujakubaliana sana. Mbinu ya da MamaWawili tumeichukua, msuluhishi ni Mpole kwa sababu hawezi kusengenya hata akilipwa. Deni la Ratiba, Kishua alitaka kulimaliza lote, Ratiba akakataa kwa ukali, wakabishana karibu nusu saa, bado halijaisha na leo naona wanajibizana tena kwa herufi kubwa. Sijui nani yuko sahihi. Kishua anasema kosa la kupanga ni lake, Ratiba anasema akilipiwa hilo moja tu ataanza kuwa "huyu". Hapo Kishua akauliza "huyu nani?" ikabidi nimwambie ya ile siku. Hakukumbuka kabisa. Akanyamaza muda mrefu nikadhani simu imekata.

Kuhusu kazi hatujagusa. Bado tunaruka dimbwi. Labda mwakani.

Kifungua Mimba

Mwambie Ratiba kuna mtu hamjui anamsalimia.

Kifutio

Nimempigia yule wangu. Hajapokea. Nitajaribu jioni.

Sijali2

Na mimi swali la mwisho la kishamba. Zile dawa ulizipeleka wapi?

Mjukuu wa Bibi

Sijali2 bado ziko pale pale kwenye kiti sikuthubutu kuzigusa. Leo sasa nimeamka na kichwa kinagonga kweli kweli kwa kukesha, nikameza viwili. Nikafungua na kile kipimajoto. Sina homa.